Mkono Haukufika Sikioni

Mwanangu Stumai,

Barua za zamani zilikuwa na adabu zake. Mtu alianza kwa kusema yeye ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako tu, hata kama anaandika akiwa kitandani anatetemeka kwa homa. Na mimi naanza hivyo hivyo. Mimi baba yako ni mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliyejifungia huko juu chumbani na begi tupu kitandani. Ila naomba safari hii maneno hayo usiyapite kama salamu. Ndiyo habari yenyewe niliyokaa jikoni kuiandika.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Unakielewa chote, hata kile cha mama yako na shangazi zako wanaposengenya watu kwenye simu, lakini kukisoma unakisoma polepole, midomo ikichezacheza kama mtu anayesoma dua. Ndivyo ninavyotaka. Ukisoma haraka utafika kwenye kosa langu kabla hujafika kwenye sababu zake.

Sitakukumbusha soksi nzito, wala kufunga mlango mara mbili, wala kujiepusha na vyakula vya makopo. Hayo mama yako ameshayasema, na atayasema tena kituoni hata kama treni imeanza kuondoka.

Jioni hii mezani ulisema huendi. Ulisema huku unachovya mkate kwenye mchuzi, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. "Siendi, Baba. Email ya profesa nimeshaiandika. Nita-send asubuhi." Mama yako akaweka kijiko chini. Mimi nikakuuliza kwa nini, ingawa najua sana kwa nini. Ukanitazama vile unavyonitazama tangu Julai, kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike, ukasema, "Nikienda nani atakuangalia?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza pamoja na maharage yasiyo na nazi, kwa sababu nazi nayo ulishaipiga marufuku.

Wenzangu pale gereji ya mabasi wakiniuliza binti yangu anakwenda Ujerumani kusomea nini, huwa nawajibu kwamba anakwenda kusomea uzee. Hucheka sana. Papa Kasongo, yule dereva mwenzangu Mkongo, alinishika bega akaniuliza, "Buzee banasomaka namna gani, Rama? Si bunakuyaka tu?" Yaani kwa Kiswahili chao, uzee unasomwaje wakati unakuja wenyewe tu? Nilijisikia kifua kimepanuka. Nafasi ile uliipigania. Nilikuona ukiandika maombi, ukifuta, ukiandika tena, na siku jibu lilipokuja ulimbeba mama yako ukamzungusha humu humu jikoni mpaka akapoteza kandambili moja.

Ulinieleza mwenyewe habari za samaki wako. Kwamba kuna samaki wadogo wenye rangi za khanga wanaoishi kwenye madimbwi ya mvua, huko kwetu pwani. Dimbwi likijaa wanaanguliwa, kabla watu hawajamaliza kupalilia wameshakua na kutaga, na miezi michache baadaye ni wazee kabisa: rangi imefifia, mgongo umepinda, wanaogelea kwa kusitasita. Kisha dimbwi linakauka, wanakufa wote, mayai yanabaki kwenye tope yakingoja mvua nyingine. Ukasema wataalamu wanawapenda kwa sababu mtu anaweza kuwatazama wakizeeka kabla yeye mwenyewe hajazeeka. Samaki hao nimewakimbiza mimi nikiwa mtoto Muheza, na tuliapa kwamba wameanguka na mvua, maana juzi hapakuwa na dimbwi na leo lina samaki. Nimepanda ndege nikavuka bara zima, nikakuzaa hapa Uingereza, Woolwich, nikakusomesha, na wewe unakwenda Ujerumani kufuga samaki wa madimbwi ya Muheza. Mungu ana mzaha wake.

Nikakuuliza mbona mwili wao hauna akili ya kuishi zaidi. Ukaniambia, "Baba, what's the point? Dimbwi linakauka anyway. Mwili hauna sababu ya kujitunza udumu kuliko dimbwi." Nilifikiri maneno hayo siku nzima nikiwa kwenye usukani, na nikapitiliza kituo kimoja, abiria wakanitukana kwa lugha zao zote.

Siku nyingine ukatueleza habari za seli zinazozeeka zikakataa kufa. Hazifanyi kazi, hazigawanyiki, haziondoki, zinakaa tu zinatoa uchafu na kuwaharibia majirani. Mama yako alikuwa anachambua mchicha. Bila kuinua kichwa akasema, "Hiyo si seli. Huyo ni baba yako mdogo Shabani, alipokuja kututembelea wiki mbili." Ulicheka mpaka ukapaliwa. Nakukumbusha hayo ili ujue kwamba kabla ya Julai habari za uzee zilikuwa zinatuchekesha humu ndani.

Ikaja siku yangu ya kuzaliwa, tarehe mosi Julai. Umewahi kujiuliza kwa nini ukiwakusanya wazee wetu wa msikitini utadhani wamezaliwa na mama mmoja, siku moja? Mmoja mosi Julai, mwenzake mosi Julai, na yule aliyejitenga mosi Januari. Hukujiuliza. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya hapa, akapimwa uzito na kuandikwa mpaka dakika aliyotoka, hawezi kuwaza kwamba kuna watu waliogawiwa tarehe kama wanavyogawiwa yunifomu.

Zawadi yako ilikuwa kisanduku chenye kichupa cha kutemea mate. Ukanieleza kwamba juu ya vinasaba vyetu kuna alama ndogo ndogo zinazobandikwa na kubanduka kadiri tunavyoishi, na mtaalamu akizisoma anaweza kukisia mwili una umri gani, mbali na umri wa kwenye pasipoti. Ulidhani tutacheka. Mimi nilitema mate kwa kiburi, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumringia Kasongo.

Pasipoti yangu inasema miaka hamsini na tisa. Mate yangu yakasema sitini na nne.

Ulisema haraka haraka kwamba ni makisio tu, vipimo vya namna hii hukosea. Halafu ukaingia bafuni ukafungua bomba, na bomba la nyumba hii halijawahi kuwa na sauti ya kutosha kuficha kilio. Kesho yake ukanikalisha kwenye kochi. "Unazeeka haraka, Baba. Something is wrong. Mwili haudanganyi."

Ndipo ulipoanza utawala wako. Chapati zikaondoka, sukari ikazifuata, wali mweupe ukaaga. Asubuhi nikawa nanyweshwa juisi ya bitiruti, na nikienda msalani nashtushwa na ule wekundu, nadhani saa yangu imefika. Nikawa nakula ndani ya saa chache tu za siku, zilizobaki nafunga. Mama yako aliivumilia juisi, lakini hilo la kufunga lilimchoma. "Watu hufunga kwa ajili ya Mungu," alisema. "Huyu anafunga kwa ajili ya figo."

Halafu maji baridi. Stumai, mimi utoto wangu wote nimeoga maji ya ndoo, ya kisimani, alfajiri. Katika sababu zilizonileta Ulaya, bomba la maji ya moto liko karibu na juu kabisa. Na wewe ukasimama nje ya mlango wa bafu unahesabu kwa sauti, mimi ndani nalia kama mbuzi wa Idi, mpaka yule jirani Mnigeria akagonga ukuta kuuliza kama tuko salama.

Lakini kubwa kuliko yote ni kile kibandiko cha kupima sukari ulichonibandika mkononi, kinachopeleka habari kwenye simu yako. Nimekulia chini ya chama kimoja, nawajua mabalozi wa nyumba kumi na masikio yao, lakini sijaona mmbea kama yule. Siku moja nimefika kituo cha mwisho, abiria wameshuka wote, injini nimezima, nikatoa mandazi niliyonunua kwa yule mama Mkenya wa sokoni Woolwich. Andazi la kwanza halijafika tumboni vizuri, simu inalia.

"Baba, unakula nini?"

"Sili kitu."

"Sukari yako inapanda kama lifti."

"Labda hasira, mwanangu. Kuna foleni."

Andazi la pili nililila mkono wenye kibandiko nimeutoa nje ya dirisha, kana kwamba kikipigwa na upepo kitashindwa kuona.

Sasa nisikilize. Mate yangu hayakukosea. Kilichokosea ni pasipoti. Mimi sina miaka hamsini na tisa. Nina sitini na tano.

Zamani zetu cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha watoto wa mjini. Mtoto akipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu alimwambia apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, ashike sikio la kushoto. Ukilishika, umefika umri wa shule. Usipolishika, rudi nyumbani ukakue. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha umri wa mwili nilichopimwa mimi, na hakikuhitaji mate. Shida yangu ilikuwa kichwa kikubwa na mikono mifupi. Kichwa hicho unacho na wewe, samahani, ila Mungu alikuonea huruma, mikono ukachukua ya mama yako.

Mwaka wa kwanza vidole viliishia kwenye utosi. Mwalimu Mhina akaniambia nirudi mwakani. Bibi yako, uliyerithi jina lake, akaanza kunichua mikono kwa mafuta ya nazi kila jioni, anaivuta kama anayevuta ndoo kisimani. Mwaka wa pili vidole vikavuka kidogo kichwa, vikagoma. Watoto niliowazidi umri walipita mbele yangu wakijishika masikio kwa raha zao. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, na mimi sikio sikulipata. Mwaka wa tatu niliinamisha shingo mpaka ikalia, ncha ya kidole ikagusa ncha ya sikio. Mwalimu Mhina akaandika: miaka saba. Bibi yako akapiga kelele kwamba mtoto ana kumi, alizaliwa mwaka nzige walipomaliza mahindi, watu wote wa pale wanajua. Mwalimu akamtazama kwa upole akasema, "Mama, mkono haudanganyi."

Umeona? Siku ile kwenye kochi nilisikia sauti ya Mwalimu Mhina ikitoka kwenye mdomo wa binti yangu. Nusura nisimame nimwamkie.

Miaka mitatu mingine ilinitoka nilipofeli darasa la saba. Sheria haikuruhusu mtu mkubwa kama mimi kurudia darasa, na mwalimu mkuu hakutaka kuniacha nje. Akanipunguza umri kama fundi anavyopunguza suruali, akakunja, akashona, akaniambia nisisimulie. Nikafaulu. Cheti kikatoka na umri ule, pasipoti ikafuata cheti, na kila karatasi iliyokuja baadaye ikaiamini iliyotangulia. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mmoja aliamini mkono, mwingine alimhurumia mtoto, na mimi nikawa kijana kwa nguvu za serikali.

Usidhani ni faida. Huku Uingereza kazi haimwachi mtu mpaka karatasi zake zizeeke. Watu niliozaliwa nao mwaka mmoja wameshaanza kulala mpaka jua limetoka, wanalima mchicha kwenye vibustani vyao. Mimi bado naamka gizani kuendesha basi, kwa sababu ya urefu wa mkono wangu nilipokuwa mtoto. Kuna wakati nilimwendea mwanasheria mmoja kuuliza kama umri unaweza kusahihishwa. Akaniuliza nina ushahidi gani. Nikamwambia, nzige.

Basi fanya hesabu yako upya. Mtu ana miaka sitini na tano, mwili wake unasema sitini na nne. Nimeushinda umri wangu kwa mwaka mzima, tena kabla ya bitiruti. Najua utasema kwamba makisio ni makisio, na mwaka mmoja si kitu. Niachie huo mmoja, nimwonyeshe Kasongo.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia siku ile ile, ukiwa bado bafuni. Ninayo sababu nzuri. Mgeni katika nchi ya watu huogopa karatasi zake kuliko magonjwa yake, na mimi niliogopa neno hili likitoka nje ya nyumba litakuja kuniuliza maswali ofisini. Ni sababu nzuri, na ni ya kweli kidogo. Ya kweli zaidi ni kwamba nilipenda.

Tangu ulipopata simu yako ya kwanza ulikuwa unapita humu ndani kama mpangaji. Sikulaumu, ndivyo vijana walivyo. Ghafla, kwa ajili ya mate, ukawa unarudi mapema ili tutembee mimi na wewe pale ziwani, unanishika mkono kwenye ngazi ambazo nazipanda mwenyewe kila siku. Ukaniuliza habari za Muheza. Ukaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, kitu ambacho hukuwahi kuniuliza. Nikakusimulia yote isipokuwa habari ya sikio. Jioni ile bata walipotufuata wakidhani tuna mkate, nawe hata mkate ulikuwa umenikataza, tulicheka pamoja mpaka nikashika tumbo. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho ikaja, nikasema wacha kwanza tutembee. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na leo tumbo lililoumia ni lako. Nimeona aibu, mwanangu. Uliposema huendi nilijiona mwizi.

Mama yako anajua tangu zamani. Shangazi yako alimnong'oneza siku ya harusi, akiwa ameshavalishwa na kupakwa hina, mambo yameshaiva. Akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba aliona afadhali mzee anayejidai kijana kuliko kijana anayejidai mzee. Leo ulipopanda juu alinigeukia akiwa ameshika sufuria. "Mwambie, au nimwambie mimi. Na mimi nikimwambia sitapamba."

Kabla hujanijibu, nikupe habari moja ya bibi yako. Unalolitaka wewe, mimi nilishalifanya, ila nililifanya kwa simu. Alipoanza kuzeeka nilimpigia kila Ijumaa. Presha umepimwa? Dawa umekunywa? Miguu imevimba? Nilimpelekea mashine ya presha kutoka hapa. Akaifunika kitambaa cha kufuma, akaiweka juu ya kabati karibu na picha yetu ya harusi, ikawa pambo. Siku moja alinikatiza. "Ramadhani, kila ukipiga unaniuliza nimekufa kiasi gani. Hujaniuliza nimepika nini." Nikacheka, kisha nikamuuliza presha.

Alipofariki nilikwenda kumzika. Shangazi yako akanisimulia habari za jogoo. Kumbe mama alikuwa na jogoo mkorofi anayewika saa za usingizi, jirani akamshitaki mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, na mama akaenda kwenye kesi akiwa amembeba jogoo mwenyewe kwapani ili naye asikilizwe. Mtaa mzima ulicheka mwaka mzima. Mimi namba zote za damu yake nilizijua, na habari za jogoo sikuzijua. Nililia kwa ajili ya jogoo yule kuliko nilivyolia kaburini. Mpaka leo nikikumbuka najuta, wala sijapata namna ya kujisamehe.

Kwa hiyo nakuomba usinichunge. Uzee usomee kwa samaki, siyo kwangu. Mimi naogopa kufa, sikufichi, kama watu wote wanavyoogopa, hasa alfajiri kabla ya chai. Lakini nikikaa nikajiuliza naogopa nini zaidi, naogopa nife siku moja wewe uwe na miaka arobaini, uko humu humu ndani, unajua sukari yangu ya kila saa, na kazi uliyoitaka ameifanya mtu mwingine.

Sasa lile gumu, nimeliacha mwisho kwa sababu ya woga. Ukweli wangu una makali pande mbili. Ulikuwa na baba wa hamsini na tisa mwenye mwili mbovu, nami nimekuletea baba wa sitini na tano mwenye mwili mzuri. Utashusha pumzi, halafu utaanza kuhesabu, maana nakujua. Utaona kwamba ile miaka sita uliyodhani iko mbele yetu ilishapita kabla wewe hujazaliwa. Nilishaiishi bila wewe. Siwezi kukurudishia, na nimekaa hapa nikitafuta neno la kukufariji juu ya hilo, sijalipata. Hata mimi inaniuma. Nilipokuwa nakuona ukiniandalia uji wa shayiri usio na chumvi wala sukari, mtoto wa watu, umevaa koti tayari kwenda kazini, niliitamani ile miaka sita zaidi kuliko siku yoyote nilipoikosa kwenye pensheni.

Mwanzo nilitaka kuitia barua hii ndani ya begi, uisome treni ikiwa imeshaingia kwenye lile handaki la chini ya bahari. Mama yako alikataa kabisa. Alisema nimepangiwa umri na watu wengine, sasa nataka na mimi nimpangie mtu safari yake. Amesema kweli. Kwa hiyo naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi, email yako ikiwa bado haijakwenda. Ukiamua kubaki, baki ukijua unabaki na nani. Nitakupokea, nitakula bitiruti, sitasema neno. Lakini nitakuwa nakudanganya nikisema nitafurahi.

Mimi nataka uende. Nataka unipigie simu uniambie Wajerumani wana vituko gani, nami nikwambie mama yako amegombana na nani. Nataka siku moja uje na mzee mwenzangu wa kizungu, huyo profesa wako, nimwulize kama wao nao walishikishwa masikio. Na ikitokea kwamba simu moja imekuja ya kukuita urudi haraka, ulie, uje, unizike, kisha urudi kazini kwako. Hilo ni ombi la mtu mwenye akili timamu, siyo la mgonjwa.

Sasa shuka. Nigombeze kwa Kiingereza kama ndicho kinachokutoka haraka, nitasikiliza mpaka mwisho wala sitajitetea. Ila usinihurumie tena. Huruma yako nimeila tangu Julai na haikuwa yangu. Hasira ndiyo yangu, mama. Njoo unipe leo, tukiwa bado tunaonana.

Baba yako akupendaye,
Ramadhani